Kazi ya Kupanda

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua hii utapewa mkononi na dereva wa lori la mbao. Akikwambia hajanywa chai tangu asubuhi, usimwamini, kanywa kwangu vikombe viwili.

Nimepata chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Ukuta unaotutenganisha ni mwembamba, kwa hiyo nasinzia cherehani inakwenda na naamka cherehani inakwenda, na ndotoni kuna mtu ananishona kwenye shuka, taratibu, bila kunichoma. Dirisha langu linatazama ukuta mweupe wa jirani. Jua likipiga pale asubuhi, chumba kizima kinakuwa na rangi ya maziwa, na kwa dakika chache sijui niko wapi. Halafu fundi anakohoa, nakumbuka.

Dada, nimepata kazi. Ni kazi ya kupanda. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuliandika neno hilo, na sasa nimeliandika, sina la kuongeza. Naomba usinikasirikie. Nilizunguka wiki tatu na hii ndiyo iliyonikubali. Lolote utakalouliza nitakujibu.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Nikukasirikie kwa lipi? Barua yako nimeisoma mara tatu nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, mboga zikaungua. Kazi ya kupanda! Mtu anaaga shamba, anabebwa na lori siku mbili, anafika mjini kwenye watu wenye viatu vinavyong'aa, na huko nako anapewa jembe. Nimecheka mpaka mbuzi akanitazama. Na ulivyoandika kwa aibu, kana kwamba umeiba! Mchagua jembe si mkulima, baba. Shika hilo hilo.

Sasa nikwambie, maana umeshatulia. Tangu uondoke sikuwa nalala. Nilisikia huko watu wanajenga nyumba juu ya nyumba, nikawaza watakupa ngazi. Baba yetu alirina asali miaka ishirini na mti ukamchukua kwa siku moja. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na tano, na tangu hapo sina mwingine wa kumpikia. Ulipofika kumi na mbili nilikushika sikio pale kwenye shina, ukaniahidi miguu yako haitaiacha ardhi. Kumbe ahadi umeitunza. Mungu akupe maisha.

Haya, nieleze. Mnapanda nini? Shamba lina ukubwa gani? Udongo wake ukoje? Na mnatumia kamba? Mistari yako mimi naijua, imepinda kama mkia wa mbwa.

Nimekuwekea mbegu za maharage yale marefu, yanayotambaa. Waonyeshe.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mbegu zimefika, hakuna hata moja iliyotoboka.

Umeuliza, najibu. Eneo ni kubwa, siku nne hatumalizi upande mmoja. Tunaanza mapema kabla jua halijawa kali. Upepo ukizidi hatupandi. Maji yapo mengi, na kuna dawa tunachanganya kwenye ndoo. Udongo hautusumbui kabisa.

Kamba tunatumia, tena hapa ni amri, hakuna anayepanda bila kamba. Kuna mzee mmoja kazi yake ni hiyo tu, wote tunamwita Mshika Kamba. Ukienda upande anakupigia kelele mpaka unanyooka. Nadhani mngeelewana.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 30 Machi

Dada,

Hii ya leo ndiyo ya kweli. Nimeshaandika anwani kwenye bahasha, sasa sijui kama mkono utaitoa.

Sipandi mbegu. Napanda jengo. Lina ghorofa kumi na mbili, limevaa vioo kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kazi yangu ni kuvisafisha. Tunapanda mpaka juu ya paa, nafungwa kamba kiunoni na mapajani, halafu nateremshwa kioo kwa kioo na ndoo yangu. Nilipokuandikia mara ya kwanza nilimaanisha hivyo. Nilidhani utaelewa, utafoka, na mambo yataisha. Ukafurahi. Ningefanyaje, dada? Furaha yako ilifika hapa na harufu ya mboga zilizoungua.

Huko juu hakuna kelele. Magari yanapita chini lakini sauti inachoka njiani. Nafuta wingu, linabaki pale pale, nafuta tena. Nyuma ya kioo watu wanaongea na siwasikii, wanacheka na siwasikii. Ghorofa ya saba kuna mama mmoja, kila Jumanne nikishuka mbele ya meza yake ananiinulia kikombe, nami namwinulia kitambaa, basi, tumeshaamkiana.

Baba sikumbuki sura yake. Nakumbuka nyayo zake tu, jinsi zilivyokuwa nyeupe chini, zikienda juu. Juzi nilipomaliza kufuta kioo kimoja nikamwona mtu amesimama ndani ananitazama, nikajua ni baba. Nikatabasamu, naye akatabasamu. Kumbe ni mimi. Nilikaa pale mpaka Mshika Kamba akapiga kelele kuniuliza kama nimelala.

Nimevunja ahadi. Kibaya zaidi, nafurahi.

Kitindamimba


Tarehe 21 Aprili

Kitinda wangu,

Sasa hivi hapa sina jina lingine ila Dada wa Mkulima wa Mjini. Mwanzo walinitania, lakini nilipowasomea habari ya Mshika Kamba waliniomba niirudie. Mwenyekiti mwenyewe kasema huo ndio ukulima wa kisasa, mtu mzima analipwa kwa kushika kamba. Mimi nimepanda kwa jicho, kama kawaida yangu. Unajua mimi kamba sishiki. Hata mbuzi namfunga kwa kitambaa chakavu, anakitafuna, anakwenda anakotaka, jioni anarudi kwa huruma zake.

Halafu kuna jambo. Nyuki wamerudi kwenye mzinga wa baba. Miaka kumi na saba ulikuwa mtupu, na wiki iliyopita nikapita na ndoo ya maji nikasikia. Nilidhani ni kichwa changu. Nikaweka ndoo chini, nikasimama mpaka maji yakapata joto. Tangu siku hiyo nazunguka njia ya mbali kwenda kisimani, na bado nawasikia.

Nimekuota. Unapanda maharage mahali pasipo ardhi. Unachukua punje, unaiweka hewani, inakaa. Nikakuuliza itashika mizizi wapi, ukaniambia, dada, wewe ngoja. Ndoto za kula ugali mkavu hizo.

Nimeamua. Mavuno yakiisha nitakuja na lori nilione shamba lako kwa macho yangu. Usiniandalie kitu, nioneshe tu mistari.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Umenishtua, lakini karibu.

Nikuombe tu usitegemee makubwa. Shamba ninaloweza kukuonesha ni dogo kuliko unavyodhani. Nimepanda mbegu zako kwenye makopo ya rangi, makopo tisa, mahali penye jua sana. Mshika Kamba kanipa kamba moja iliyostaafu, maana hapa kamba ikizeeka haikatwi, inapumzishwa. Nimeitundika, na maharage yako yanaipanda yenyewe. Kila asubuhi nakuta yamezunguka mara moja zaidi. Majani ya chini ni makubwa kama kiganja chako.

Ndoto yako nimeisoma mara nyingi. Sikuipenda, lakini naendelea kuisoma.

Nina neno la kukwambia ukifika. Kwenye karatasi halikai vizuri, nimejaribu.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 5 Juni

Kwa Dada wa Kitindamimba,

Salamu. Mimi ndiye Mshika Kamba, bila shaka kanitaja. Usikae chini wala usiite majirani. Soma mpaka mwisho: yuko hai, anakula, na jana kaomba chumvi.

Jumanne kijana wetu alipanda kama siku zote. Alikuwa usawa wa ghorofa ya kumi upepo ulipogeuka bila kupiga hodi, ukamrusha ukutani. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Kamba haikumwacha, nami sikuiachia. Tulimteremsha taratibu kama mtoto aliyesinzia begani. Mama mmoja wa ghorofa ya saba alishuka ngazi zote akiwa na kikombe chake mkononi, akatufikia chini analia, chai imeshamwagika yote.

Daktari anasema mfupa utaunga. Kwa sasa hawezi kushika kalamu. Nilipotafuta anwani yako kwenye begi lake nikakuta barua imeshafungwa, ina anwani yako, haijatumwa. Nikaona kaisahau, nimeiunganisha na hii yangu.

Anaulizia sana maharage. Mwambie ukimwandikia kwamba nayamwagilia mwenyewe, na yamefika ukingo wa paa.

Mshika Kamba


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuiti Kitinda, kwa sababu nimekasirika, na nataka ulijue hilo kwanza kabla sijakupa pole. Pole.

Nilikuuliza udongo, ukanijibu haukusumbui. Ni kweli, ungekusumbuaje na wewe uko hewani? Nimekutangaza kijiji kizima! Nimemsimamisha mwenyekiti akusifu! Upepo ukizidi hatupandi, umeniandikia, na mimi mjinga wako nikasema safi, wasije wakapeperusha mbegu. Nimezisoma barua zako zote upya, na hakuna hata neno moja la uongo ndani yake. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Nimefoka, nimemaliza. Sasa niketi vizuri, maana na mimi nina barua ambayo sikuituma. Yangu ina miaka kumi na saba.

Watu walisema tawi lilivunjika. Nikawaacha waseme. Tawi lile liko mpaka leo, nenda kalitazame, ndilo lililobeba mzinga wenye nyuki. Baba alikuwa akipanda na kamba kiunoni, kamba inapita kwenye panda ya mti, na mwisho wake nashika mimi chini. Kila mara nilishika mimi. Alikuwa anasema mikono ya binti yake haina usingizi. Siku ile nyuki mmoja alinishukia shavuni, chini ya jicho. Nikainua mkono kumpiga. Ni hivyo tu. Muda wa kujipiga kofi. Mkono uliobaki haukutosha.

Sijawahi kumwambia mtu. Ulipokua nikaona unavyotazama juu, unavyotembea ukihesabu matawi, nikajua siku moja utapanda na utanipa mimi kamba. Ndiyo maana nikakushika sikio. Ahadi ile haikuihusu miguu yako, mdogo wangu. Ilihusu mikono yangu.

Sasa mzee nisiyemjua ananiandikia, "nami sikuiachia." Nimelipitia neno hilo kwa kidole mpaka karatasi imelegea.

Umekua bila baba kwa sababu yangu. Ukitaka kuniandikia, niandikie. Usipotaka, dereva akija mikono mitupu nitaelewa.

Dada yako


Tarehe 30 Juni

Dada

Naandika kwa mkono wa kushoto, maneno machache.

Shikamoo.

Maharage yametoa maua. Meupe. Yananing'inia nje ya paa na watu wa ghorofa ya kumi na mbili wanayaona dirishani, hawajui yametoka wapi.

Ulikuwa na miaka kumi na tano.

Njoo.

Kitinda


Tarehe 24 Septemba

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimefika salama. Mbuzi kanikasirikia, kalala kwa jirani siku mbili. Kikapu cha maharage makavu nimekigawa, kila nyumba punje kumi, na nimewaambia ukweli wote. Mwenyekiti kafikiri kidogo, kasema huo nao ni ukulima wa kisasa.

Tangu nirudi natembea nusu niko hapa, nusu niko kwenye lile paa. Naosha vyombo, nikipangusa sahani naona mawingu. Sikujua mji una sehemu tulivu namna ile. Nilidhani utulivu wote tumebaki nao sisi.

Sijui ni shetani gani alinipanda nikakubali. Mshika Kamba ananiambia, haya mama, shika, imezungushwa nguzo ya chuma mara tatu, wewe unalegeza na kukaza tu. Wewe umeshakaa ukingoni na ndoo yako, mkono ndiyo kwanza umetoka kwenye plasta, unanitazama. Nilitaka kukimbia. Miguu ikakataa, mikono ikaipokea. Nilihisi uzito wako wote, Kitinda, kila kioo ulichofuta nilikihisi kwenye viganja. Nzi alinitulia puani, akatembea mpaka kwenye nyusi, akarudi. Sikumgusa.

Mpe Mshika Kamba shukrani zangu. Nilijua yuko nyuma yangu ameshika mkia wa kamba, nilikuwa nasikia pumzi yake muda wote. Bila hivyo nisingethubutu hata kidogo.

Na kuanzia leo, ukiniandikia "nimepanda", ongeza neno moja: juu au chini. Nimechoka kuaibika.

Dada yako


Tarehe 3 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Leo nimepanda, juu. Jana nimepanda, chini, makopo manne mapya. Umeridhika?

Mama wa ghorofa ya saba anakusalimu. Nimemwonesha kwa ishara kwamba wewe ni dada yangu, nikainua mkono kuonesha urefu wako. Sijui kaelewa nini, lakini kaweka vikombe viwili dirishani.

Shukrani zako nimezifikisha. Mshika Kamba kazisikiliza, kakuna kidevu, kasema hawezi kuzipokea kwa sababu si zake. Nami nimeona siwezi kukaa na barua nyingine isiyotumwa.

Hakuwa nyuma yako. Alipokukabidhi kamba alirudi kwenye makopo, hatua kumi na zaidi, akaanza kuchuma maharage. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa. Pumzi uliyokuwa ukiisikia ilikuwa yako.

Na mimi nilijua. Kabla kichwa changu hakijapita ukingo nilitazama juu ya bega lako nikamwona ameinama pale, ananyonganyonga vikonyo. Ningeweza kumwita. Nikakutazama wewe, midomo umeikaza kama unavyoikaza unapotunga uzi kwenye sindano, nikashuka. Ghorofa kumi na mbili, dada. Mpanda ngazi hushuka, na mimi nilishuka kwa mikono yako peke yake. Sikuwahi kushuka taratibu kama siku ile.

Desemba tunapewa wiki mbili. Nitakuja na lori la mbao. Mwambie mbuzi ajiandae kisaikolojia, nakuja na kamba ya kweli, ile iliyostaafu. Maharage yameshaiachia.

Nyuki wa baba wasifukuzwe. Nitapanda mimi, utashika wewe.

Mdogo wako,
Kitindamimba